Mrejesho: lavenda kwa usingizi wa mama na kwa nguo za sufu

Ndugu zangu, niliwauliza kama mafuta ya lavenda, mmea wenye maua ya kunukia, yangemsaidia mama kupata usingizi, na kama maua yake makavu yangelinda masweta yetu ya sufu dhidi ya nondo, wale wadudu watoboao nguo, hapa Bukavu. Kama mlivyoshauri, tulichanganya matone 12 katika mililita 30 za mafuta ya nazi, tukajaribu kwanza sehemu ndogo ya ngozi, na sasa anapakwa mikononi kila jioni. Analala kwa utulivu zaidi, ingawa naamini kuacha kahawa ya usiku kumechangia pia. Kuhusu nguo, maua huwafukuza nondo lakini hayaui mayai yao, hivyo tulizifua na kuzianika juani kwanza, kazi ngumu msimu huu wa mvua. Tafadhali, mafuta hayo yasinywewe, na watoto wasiyafikie.