Wateja wa bara waogopa kunitumia pesa, nifanyeje?

MamaMadera
Hamjambo jamani. Nauza madera na leso hapa Kisauni, mzigo nautoa Biashara Street naupiga picha naweka Instagram na status ya WhatsApp. Wa hapa Mombasa hawana neno, boda wangu apeleka mpaka Mtwapa huko, mtu ashike kitu ndo alipe. Shida ni hawa wa bara, yaani mtu apenda dera, auliza bei, auliza rangi, ukimpa till namba ya M-Pesa alipe tu kimyaaa. Mmoja kanambia wazi "nshaliwa mara mbili dada, siwezi". Sasa kuna kijana ataka elfu mbili anipe rivyu 50, zote nyota tano. Nichukue ama? Meseji za wateja kunishukuru ninazo tele ila nikiweka status baada ya saa 24 hazipo.

KachriZaBahari
Usithubutu dadangu. Nilimuona mwenzangu kanunua, zote zaingia siku moja, zote "huduma nzuri sana", majina ya watu ambao hata Likoni ni wapi hawajui 😂 mteja si mjinga. Mie nauza vitafunio, kachri zikifika kwa mteja namuuliza swali moja tu, kabla hujalipa ulikuwa waogopa nini? Kuna mama wa Nakuru akajibu "nilijua nshaibiwa mpaka uliponitumia picha ya risiti ya basi, kesho yake saa nne nikapigiwa simu nije nichukue". Hiyo moja yaniuzia kushinda zile za "tamu sana" zote, kwa sababu mtu wa mbali haulizi kachri tamu ama si tamu, auliza pesa yake yaenda wapi. Ziweke kwenye Highlights, vile viduara vya kwenye ukurasa wako wa Instagram, hapo hazipotei.

mzee_wa_makaratasi
Ukipiga skrinishoti ficha namba na jina, na umuombe mwenyewe ruhusa kwanza, kwa maandishi. Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na yauma, 2023 klabu moja Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Hesabu hayo ni madera mangapi.

Shosti_Bamburi
Na ukilalamikiwa usifute! Mie leso ilichuja rangi, mteja akanianika kwenye koment, nikamjibu palepale mbele za watu nikambadilishia. Mpaka leo watu wanambia walininunulia sababu ya ile koment. Fungua pia ukurasa wa duka kwa Google, ni bure, ila usimpe mtu diskaunti ili akuekee nyota, Google wamekataza.

MamaMadera
Ahsanteni, yule kijana nimemwambia abaki na nyota zake. Nimewatumia wateja 12 lile swali la kachri, watano washajibu, na mmoja kaniacha hoi, asema aliogopa kwa vile madera yangu yote yametundikwa kwa hanga hakuna aliyevaa, akajua picha nimeiba kwa mtu. Sasa nani avae na mie kamera siipendi?

KachriZaBahari
Si lazima uvae. Litandike kitandani, pembeni weka karatasi uandike kwa mkono jina la duka na tarehe ya leo.