Naenda kukaa na familia Ujerumani, niwabebee zawadi gani?

Binti Chumbageni: Habari zenu wakuu. Nimepata familia ya kunipokea karibu na Köln. Nitaishi kwao, nitawaangalia watoto wawili huku nikijifunza lugha. Usingizi hauji. Niwabebee nini nisionekane mshamba?

Mzee wa Kibo: Hongera binti. Kahawa ya Kilimanjaro na khanga, basi. Nyama kavu usithubutu. Forodha ya Ulaya hairuhusu abiria kuingiza nyama wala maziwa kutoka huku.

Shangazi Mwaju: Zawadi si shida, shida ni chakula. Mimi niliishi na familia Uholanzi. Jioni saa kumi na mbili kamili mezani, ukichelewa unakuta viazi vya baridi. Nililia sana kwa kukumbuka wali wa nazi. Siku niliyowapikia pilau, watoto walikomba sufuria mpaka ukoko. Tangu hapo Jumamosi jiko likawa langu.

Jogoo la Mjini: Mkienda wote kulea wa wazungu, wa kwetu watalelewa na nani?

Nipo Munich: Dada, unakuja kwa viza gani? A1 ya Kijerumani, yaani ngazi ya kwanza ya lugha, unayo?

Binti Chumbageni: Jamani, mimi nimeuliza zawadi tu.

Nipo Munich: Nakuuliza kwa sababu nimemaliza mwaka wangu wa au pair hapa, yaani kuishi na familia na kuwaangalia watoto huku ukijifunza lugha. Unaomba viza kabla hujafikisha miaka 27, una A1, una mkataba uliosainiwa. Chumba chako mwenyewe, kazi isizidi saa 30 kwa wiki, euro 280 za mfukoni kila mwezi, bima wanalipa wao. Mkataba upo?

Binti Chumbageni: Haya. Naenda kwa viza ya matembezi. Baba wa watoto anasema ile ya au pair inachelewa, tutabadilisha nikishafika. Yeye na mama yao waliachana. Lakini ni mtu wa heshima, tunaongea kwa video, na watoto nimewaona. Kazini nimeshaaga, mama ameshauza ng'ombe. Msinikatishe tamaa.

Nipo Munich: Mdogo wangu, viza hiyo ni siku 90 tu, hairuhusu kazi, na kwa kawaida haibadilishwi ukiwa huku. Utaambiwa urudi Dar ukaombe upya. Akikufukuza usiku huna mkataba wa kumwonyesha mtu.

Shangazi Mwaju: Mwanamume peke yake? Mama yako anajua hilo?

Kiroboto: Chai hii, stori ya kutunga. Akaunti ya jana, uzi wa kwanza, na ng'ombe keshauzwa. Stori hii hii ilishaletwa humu, ila ile ilikuwa Norway.

Jogoo la Mjini: Kweli bwana, hata mimi nimeikumbuka. Leta sukari.

Mzee wa Kibo: Muacheni mtoto. Hata kama ni chai, wapo wanaosafiri hivyo hivyo.

Kiroboto: Basi aweke risiti ya tiketi, afiche jina.

Binti Chumbageni: Sina risiti. Anayo dalali.

Nipo Munich: Dalali yupi tena? Umeshampa hela?

Binti Chumbageni: Nusu. Nyingine anaitaka Jumatatu. Ndiye aliyeniunganisha na huyo baba.

Nipo Munich: Usitoe hata shilingi. Mdai namba ya tiketi leo, kesho asubuhi nenda ofisi ya shirika la ndege uulize kama jina lako lipo. Halafu uje inbox.