Trauti katika vijito vidogo mwisho wa kiangazi: maji yamepungua, samaki wanakimbia, na mmoja amenifia

MwanaMkondo

Salaam, ndugu wavuvi. Ninaomba ushauri wa wale waliozoea kuvua trauti kwa nzi bandia (ndoana iliyofungwa ifanane na mdudu) katika vijito vidogo, yaani vile ambavyo mtu huvivuka kwa hatua nne au tano na ambavyo maji yake, isipokuwa kwenye vidimbwi, hayafiki magotini. Katika majira ya machipuko kijito ninachovulia kilinipa trauti wa kahawia karibu kila nilipokwenda: maji yalikuwa mengi na yamechafuka kidogo, na samaki walimfuata nzi bila kusita hata niliporusha mshipi vibaya. Sasa tuko mwisho wa kiangazi na kijito si kile tena. Mawe yaliyokuwa yamezama yamebaki makavu, maji yametakata kiasi kwamba unaweza kuhesabu changarawe za chini, na kila ninapokaribia kidimbwi ninaona vivuli vitatu au vinne vikikimbilia chini ya miamba kabla hata sijaufungua mshipi.

Lakini jambo lililonifanya niandike ni jingine. Juma lililopita, yapata saa 10 alasiri, nilimpata trauti wa sentimita 25 hivi kwa uzi mwembamba sana niliokuwa nimeufunga nikitumaini kwamba hatauona. Kwa kuwa niliogopa uzi usikatike, tulivutana kwa muda mrefu. Nilipomrudisha majini alilala ubavu. Nikamshika kichwa kikiwa kimeelekea mkondo unakotoka mpaka akaondoka mwenyewe, na nilipopita tena baada ya nusu saa nilimkuta amekufa kwenye maji ya kina kifupi. Sikukusudia kumla, na tangu siku hiyo sina raha. Je, ni halali kuvua katika hali hii? Na kama inawezekana, ni saa ngapi, kwa nzi gani, na mtu atawakaribiaje samaki waliokwisha kuwa na hofu kiasi hiki?

MzeeWaChemchemi

Pole, kijana wangu, na umefanya vizuri kurudi kuangalia, maana wengi wetu hatukurudi na kwa hiyo hatukujifunza. Kabla ya kuzungumzia nzi, nunua kipimajoto kidogo na ukifunge kwa kamba kwenye mfuko wako. Trauti ni samaki wa maji baridi. Hula vizuri zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 10 na 16 za Selsiasi. Yakipita 18 huanza kutaabika, na yakifika 20 mimi hukunja mshipi na kuondoka, hata kama bado ninawaona wakipanda kula juu ya maji. Yule trauti mwenye ukingo mweupe kwenye mapezi ya tumboni, ambaye wengi humwita trauti wa kijito, ni dhaifu zaidi mbele ya joto, kwa hiyo penye yeye mimi huacha kwenye nyuzi 18.

Sababu yake ni oksijeni. Kwenye usawa wa bahari, maji ya nyuzi 10 yanaweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni katika kila lita, ilhali ya nyuzi 20 hubeba 9 hivi tu; na wakati huohuo mwili wa samaki, ambao joto lake hufuata joto la maji, unadai oksijeni zaidi. Anapovutwa na mshipi, misuli yake hufanya kazi kuliko matamvua yanavyoweza kuilisha, na asidi hujikusanya mwilini. Katika maji ya baridi atatulia nyuma ya jiwe na kurudiwa na nguvu. Katika maji ya joto anaweza kuondoka mkononi mwako akiogelea, wewe ukaridhika, naye akafa baadaye mahali usipomwona. Huyo wako ulimwona tu.

Saa 10 alasiri uliyoitaja ni miongoni mwa saa mbaya kuliko zote. Maji huchelewa kupata joto na huchelewa kupoa, kwa hiyo hufikia kilele chake alasiri, wakati ambapo mvuvi anaanza kuona kwamba jua limelegea. Wengi hudanganywa na jioni: upepo ni mtamu, kivuli kimeshuka bondeni, lakini ukitumbukiza kipimajoto unakuta joto la mchana bado limo. Katika jimbo la Montana, nchini Marekani, mito inapopata joto kupita kiasi mamlaka husimamisha uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku, na asubuhi huachwa wazi. Sheria hiyo imefuata mwendo wa joto la maji wenyewe. Nenda kunapopambazuka, uvue hadi saa 3 au saa 4, upime kila baada ya nusu saa. Na ikiwa asubuhi na mapema maji tayari yamezidi nyuzi 18, basi usiku haukuyapoza, na siku hiyo haina uvuvi.

Hata hivyo usihukumu kila kijito kwa joto la hewa. Kijito kinacholishwa na chemchemi hupata maji ya chini ya ardhi, ambayo joto lake hukaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima wa mahali pale, kwa hiyo kinaweza kubaki baridi hata katika siku kali. Vivyo hivyo kijito cha juu mlimani kilichofunikwa na miti kinaweza kuwa salama wakati mto mkubwa ulio chini yake haufai kuguswa. Panda juu, tafuta kivuli, pima.

GotiChini

Nakubaliana na Mzee katika kila jambo, nami nitajibu lile la kuwakaribia, kwa sababu ndilo nililohangaika nalo kwa miaka mingi kabla ya kuelewa kwamba tatizo halikuwa nzi wangu.

Samaki aliye chini ya maji huiona dunia ya juu kupitia duara moja lililo juu ya kichwa chake, kwa kuwa mwanga hupinda unapoingia majini. Upana wa duara hilo ni zaidi kidogo ya mara mbili ya kina alichopo; aliye sentimita 30 chini ana dirisha la sentimita 70 hivi. Vitu vilivyo juu huonekana vizuri, lakini vilivyo karibu na upeo wa macho hubanwa ukingoni mwa dirisha, na kile kilicho chini ya pembe ya nyuzi 10 hivi kutoka usawa wa maji karibu hakionekani. Piga hesabu: mtu mrefu wa mita 1.75 aliyesimama huingia machoni mwa samaki akiwa umbali wa mita 10. Akipiga goti na kichwa chake kikawa mita 1 juu ya maji, anaweza kusogea hadi mita 6. Katika kijito kidogo, tofauti hiyo ya mita nne ndiyo uvuvi wote.

Kwa hiyo njoo kutoka chini ya mkondo. Trauti husimama akiielekeza pua yake maji yanakotoka, kwani chakula huja kwa njia hiyo, na nyuma yake ndipo anapoona kwa shida zaidi. Piga goti mapema, kabla hujauona mwisho wa kidimbwi, kwa maana samaki mdogo aliye mkiani mwa kidimbwi ndiye mlinzi wa wenzake: ukimshtua, atakimbia juu na wote watamfuata. Usiingie majini ikiwa unaweza kutembea ukingoni, na ukitembea ukingoni tua nyayo polepole. Kuzungumza na mwenzako hakutawasumbua sana, lakini mtikiso wa buti juu ya udongo hufika majini, na samaki huusikia kwa mstari wa hisi ulio ubavuni mwake. Tazama pia kivuli chako na cha ufito. Asubuhi jua liko chini, na kivuli cha mtu hufika ng'ambo ya kijito kabla yake mwenyewe.

Kisha kaa. Hili ndilo gumu kuliko yote, nami ningependa uliamini hata kabla ya kulijaribu. Keti nyuma ya kichaka kwa dakika 5 bila kurusha chochote, uangalie. Samaki uliyedhani hayupo atatoka chini ya ukingo, atainuka mara moja, na utajua anasimama wapi. Halafu rusha mara moja tu, vizuri, kwa sababu katika maji haya mrusho wa kwanza una thamani kuliko ishirini inayofuata. Penye matawi mengi usijaribu kuzungusha mshipi nyuma. Mshike nzi kwa vidole kwenye mpindo wa ndoana, vuta ili ufito ujikunje kama upinde, na uachilie. Wajapani, ambao vijito vyao vya milimani ni vyembamba na vimefunikwa, walikuza uvuvi wa tenkara wenye ufito mrefu usio na gurudumu la kuzungushia mshipi, mshipi ukiwa umefungwa kwenye ncha yake, na mtu anaweza kumtua nzi mahali padogo sana bila mshipi kugusa mkondo wa katikati.

Mbawakawa

Nami niongeze habari ya nzi. Wadudu wengi wanaokulia majini wamekwisha kutoka na kuruka kufikia majira haya, kwa hiyo trauti wa kijito kidogo hutegemea sana kile kinachoanguka kutoka kwenye nyasi na miti: panzi, sisimizi, mbawakawa, nyenje, viwavi. Ningebeba nzi watatu tu. Panzi wa ndoana namba 12 (namba ikiwa kubwa, ndoana ni ndogo) kwa ajili ya saa za upepo, pale nyasi ndefu zinapoinamia maji. Mbawakawa mweusi wa sponji namba 14 au 16 kwa chini ya miti. Na sisimizi mweusi namba 18 kwa samaki aliyekwisha kuwakataa wengine. Kama ningelazimika kubaki na mmoja, angekuwa mbawakawa. Panzi huanguka kwa kishindo na katika maji yaliyotulia kishindo hicho huwafukuza samaki mara nyingi kama kinavyowaita, ilhali mbawakawa hutoa mlio mdogo unaomfanya trauti ageuke bila kuogopa.

Usivue vidimbwi virefu vilivyolala. Katika maji haba trauti wanaokula husogea kwenye vichwa vya vidimbwi, pale maji yanapoanguka juu ya mawe na kutoa mapovu, kwa sababu hapo pana oksijeni zaidi na uso wa maji uliovurugika huwaficha. Mahali penye upana wa beseni panaweza kuwa na samaki mzuri kuliko wote wa siku hiyo.

Kuhusu uzi wa mwisho, huenda wengine hawatanikubali. Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba maji yakitakata mtu apunguze unene. Mimi ninasema aongeze urefu, mita 3 au zaidi tangu mwisho wa mshipi mzito hadi kwa nzi, lakini unene usishuke chini ya milimita 0.15. Uzi mwembamba ndio uliokulazimisha kumvuta samaki wako kwa upole na kwa muda mrefu, na muda huo ndio uliommaliza. Tumia ndoana isiyo na kijino, au ukibane kwa koleo, mlete samaki haraka, lowesha mikono, mtoe ndoana akiwa ndani ya maji. Picha inaweza kukosekana.

MwanaMkondo

Nawashukuru nyote, na Mzee hasa. Leo nilifika saa 12 asubuhi na kipimajoto changu kipya: maji yalikuwa nyuzi 15. Niliketi kama nilivyoambiwa, na katika kichwa cha kidimbwi nilichokuwa nikikipita kila siku nikampata trauti kwa mbawakawa, kwa mrusho wa pili, akaondoka mkononi mwangu kwa nguvu. Saa 4 na nusu kipimajoto kilisoma 18, nikaacha kuvua, lakini niliendelea kutembea na kupima.

Nikiwa natembea niliona jambo linalonitatiza. Kufikia saa 8 mchana kijito kilikuwa nyuzi 20, lakini mahali ambapo kijitawi chembamba kinaingia kutoka kwenye chemchemi palikuwa na nyuzi 14, na hapo trauti zaidi ya kumi walikuwa wamesongamana katika eneo lisilozidi mkeka mmoja. Kipimajoto kinasema 14, kwa hiyo kwa kanuni ya Mzee panafaa. Moyo wangu ulikataa. Nani ana haki?

MzeeWaChemchemi

Moyo wako, kijana wangu. Wale hawako pale kwa sababu ya chakula. Wamekimbilia hapo kwa sababu kwingine kote hawawezi kukaa, na kila utakayemnasa ama atachoka akiwa hapo hapo, ama atakimbilia kwenye maji ya nyuzi 20 akiwa hana pumzi. Ukiingia kwa miguu tu utawatawanya. Kanuni niliyokupa ni ya kijito kizima, nami ningepaswa kusema hivyo tangu mwanzo. Pita mbali, upaweke akilini.

Mvua ya baridi ikinyesha na maji yakaanza kushuka tena baada ya kujaa, watatawanyika wenyewe, na hiyo ndiyo siku ya kwenda ukiwa na sisimizi wa Mbawakawa. Ila usiku utakapoanza kuwa mrefu angalia changarawe kabla ya kukanyaga: trauti wa kahawia na yule wa ukingo mweupe hutaga majira ya kupukutika kwa majani, na jike huchimba kiota kwa mkia wake, kikabaki kama doa jeupe lililosafishwa katikati ya mawe yenye ukungu wa kijani. Ukiliona doa hilo, toka majini utembee ukingoni.