Naomba ushauri: nampataje daktari anayekubali kushirikiana na mganga wa tiba asili?

Habari zenu wakuu. Mama yangu yuko Newala, mimi nahangaika na maisha hapa Mtwara mjini. Ana kisukari, anameza vidonge vya kushusha sukari vya glibenklamaidi, na pembeni anakunywa dawa za mizizi za mzee mmoja wa kijiji cha jirani. Mwezi uliopita sukari ilishuka ghafla akaanguka jikoni, jasho linamtoka kama kamwagiwa maji. Kumbe mizizi nayo huenda inashusha sukari, na vidonge vinashusha!

Hospitali alifokewa. Matokeo yake sasa anaficha. Kumkataza mzee wa Kimakonde dawa za asili ni kazi bure, na yule mganga si tapeli, ana cheti cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, maana sheria ya 2002 inawatambua. Mwenyewe kaniambia, "Mwanangu, nileteeni huyo daktari tuongee." Shida ni daktari.

Daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika linanisaidia kujua kama mtu ni daktari kweli, basi. Halinionyeshi nani yuko tayari kukaa meza moja na mganga, waandike dozi zote kwenye daftari moja la mgonjwa.

Kuna orodha ya madaktari wa namna hiyo? Nianzie kwa mratibu wa tiba asili wa wilaya, au niende moja kwa moja hospitali ya Ligula, au ya Ndanda? Aliyepitia hili anielekeze. Nauli ya Newala nayo si mchezo, na korosho bado hazijauzwa.