Kiwanja kilichokuwa sheli: nimruhusu mkandarasi afunge kazi?

Wakuu, habari za leo. Tulinunua kiwanja huku Kizota, Dodoma, palipokuwa na sheli ya zamani. Kuchimba msingi, mafundi wakatoka shimoni wanalalamika kichwa. Udongo mweusi, ukiushika, kiganja kinanuka petroli hadi usiku. Matenki yakang'olewa, udongo ukabebwa, tukachimbiwa visima vitatu vya kupimia maji.

Sasa mkandarasi anataka kufunga kazi. Ana majibu mawili ya maabara, ya Septemba na Oktoba, benzini (ile sumu iliyomo kwenye petroli) haionekani. Lakini mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Kiangazi maji yako chini kabisa. Yakipanda, si yatakutana na mafuta yaliyonasa juu? Nimemwambia asubiri Machi, anasema namchelewesha (malipo ya mwisho hayo, nadhani ndiyo yanamkimbiza).

Waliowahi kufunga eneo kama hili, mlidai vipimo safi vingapi mfululizo? Visima vinazibwa kwa saruji au bentonaiti (ule udongo unaovimba ukilowa)? Na NEMC (wale wa baraza la taifa la mazingira) niwaite kabla ya kufukia, au ripoti inatosha? Jirani ana kisima cha kunywa, hatua arobaini tu kutoka ukutani.