Tupeane uzoefu: Januari hii na joto lake, bustani yako ya uani imepona?

Mama Wawili
Habari za jioni wapendwa. Nimetoka kazini nikakuta nyanya zangu zimeangusha maua yote. Ndoo 12, nimezilea tangu Novemba, maua yametapakaa chini kama pumba. Kaskazi inavuma lakini ni upepo wa moto, na huku kwetu Kimara maji tunayapata mara moja kwa wiki, wiki nyingine hayaji kabisa. Ada imeshakula mshahara, mboga ya uani ndiyo tegemeo. Najua humu wapo wanaolima kwenye viroba na madumu, wapo wanaosuka na kufuma. Mwezi huu mnaupitaje?

Fundi Madumu
Pole sana dada. Usizing'oe. Joto la mchana likipita nyuzi 32 na usiku usipopoa, ua la nyanya halishiki, linadondoka hata ukimwagilia vipi. Tengeneza kivuli cha makuti upande wa magharibi, linda majani, hali ya hewa ikipoa zitatoa maua mengine.

Umenikumbusha Januari niliyopoteza bustani nzima. Maji ya bomba yalikatika wiki tatu, nikanunua ya kisima kwa jirani, dumu kwa dumu. Nilikuwa na madumu 40 niliyoyakata ubavuni: hoho, nyanya, karoti, spinachi. Wiki ya kwanza kila kitu kijani. Wiki ya pili kingo za majani zikaanza kukauka kama zimebanikwa, na juu ya udongo ukatanda weupe. Nikadhani ni ukame, nikaongeza maji yale yale! Kumbe ni chumvi. Kila nikimwagilia, maji yanaondoka na jua, chumvi inabaki. Hoho zilikufa zote, karoti zote. Spinachi ndiyo iliyosimama, ile inavumilia chumvi. Siku hizi naonja maji ya kisima kwa ulimi kabla sijayapeleka bustanini.

Kijana wa Uyole
Kiangazi cha wapi Januari? Huku Mbeya mvua inanyesha tangu Novemba, nyanya zinaoza na bakajani. Andikeni "Dar" kwenye kichwa cha habari, Tanzania si Pwani peke yake.

Mama Wawili
Kaka, nimetaja Kimara.

Kijana wa Uyole
Kwenye kichwa hujataja. Kuna mtu atasoma humu aweke kivuli cha makuti kwenye nyanya za Tukuyu, ukungu ummalizie zote.

Mzee wa Kibarazani
Kijana amesema jambo la maana, msimkasirikie. Mimi nimwagilie lini ndilo swali langu. Nilifundishwa jioni.

Fundi Madumu
Shikamoo mzee. Jioni ni sawa, maji hayapotei.

Mkulima Mbweni
Si sawa. Jioni majani yanalala na maji, unaalika ukungu na konokono. Alfajiri, kwenye shina, basi.

Bint Wete
Mie nimesoma "mnaosuka" nikamkumbuka bibi yangu. Mwezi kama huu mchana shamba halikaliki, basi wanawake wote chini ya mwembe na ukili. Ukindu umeshaanikwa ukawa mweupe, mwengine umechemshwa na rangi. Sisi watoto kazi yetu kuchana, na chane zikitofautiana upana anazirudisha zote. Mkono wake ulikuwa haukai. Anazungumza, anacheka, anagombeza, ukili unarefuka mapajani mwake. Mkeka wa mwisho alioshona ninao, siutandiki.

Tausi wa Uani
Nimekaa na simu nusu saa nikifikiria kama niandike. Naandika kwa sababu mwezi ni huu huu, na kuna mtu leo anapulizia mboga.

Tulikuwa nyumba ya kupanga, familia nne, uwanja mmoja. Nilikuwa na matuta mawili ya mchicha nyuma ya bafu na mazoea yetu yalikuwa haya: aliyepungukiwa anachuma. Sikuwahi kumkataza mtu. Mchicha hauna hiana, siku 25 umeshafaa kwa sufuria. Januari ile wakaja viwavi, wanatoboa majani usiku kucha. Nikaenda kwa muuza pembejeo, akanipimia dawa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Haina karatasi, haina jina. Akasema kizibo kimoja kwa lita kumi. Sikuuliza nisubiri siku ngapi, na yeye hakusema.

Nikapulizia asubuhi nikiwahi daladala. Nikawaza, jioni nikirudi nitawaambia wenzangu. Sikumwambia mtu hata mmoja.

Saa moja usiku nafika, nasikia harufu ya nazi. Mama wa chumba cha tatu amepika mchicha, ameshakula na watoto wake wawili, na amenitengea bakuli mlangoni kwangu. Nililiona lile bakuli miguu ikaisha nguvu. Nikamuuliza umechuma wapi. Akasema kwako, shoga, kwani leo kuna nini?

Haukupita muda mrefu. Mdogo, wa miaka minne, akaanza kutoka mate mengi, jasho linamwagika, tumbo linamkata, akatapika. Nikamulika macho yake kwa simu, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Tukampakia kwenye bajaji, mama yake naye anatapika njiani. Daktari akauliza amekula nini, nikajibu mimi. Akasema leteni chupa. Chupa ninayo mkononi, lakini haina jina! Nimesimama pale na chupa ya maji ya kunywa yenye sumu, siwezi kusema ni sumu gani. Akaangalia macho, akasikiliza kifua, akaamua kwa dalili, wakamchoma atropini. Usiku kucha walimrudia.

Alipona. Wote walipona. Mama yake hajawahi kunilaumu kwa mdomo, na hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mama Wawili
Nalia hapa. Pole mdogo wangu.

Bint Wete
Alhamdulillahi mtoto yupo.

Mkulima Mbweni
Ndiyo maana nasema kila siku, mwarobaini tu. Twanga majani, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, pulizia. Kwa nini sumu kwenye mboga ya kula?

Fundi Madumu
Mkuu, kantangaze, yule kiwavi wa nyanya, akishaingia ndani ya jani mwarobaini haumfikii vizuri. Usimhukumu dada.

Mkulima Mbweni
Sijamhukumu. Na kantangaze ukimwahi mapema kwa mwarobaini anapungua, nimejaribu mwenyewe.

Mpenda Hoho
Ikitokea hivyo mpeni maziwa haraka, yanaua sumu.

Mfamasia
Hapana, tafadhali! Msimpe maziwa na msimtapishe. Baadhi ya dawa hizi huchanganywa na mafuta, mtoto akitapishwa zinaweza kuingia mapafuni. Mvueni nguo zilizolowa dawa, mwosheni ngozi kwa maji na sabuni, chukueni chupa, kimbieni hospitali. Na msinunue dawa ya kupimiwa. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchuma, zimeandikwa kwenye lebo, na zinatofautiana. Dada Tausi, kukimbia na ile chupa ulifanya vyema, hata bila jina.

Mzee wa Kibarazani
Binti yangu, funga kitambaa chekundu kwenye kijiti, kichomeke kwenye tuta siku ya kupulizia. Shambani kwetu kila mtu alikielewa, hata mtoto.

Aisha wa Maskati
Nawasoma kutoka Oman. Kwetu mwezi wa joto ni Julai, zaidi ya nyuzi 40, na maji ya tangi la juu ya nyumba yanatoka bombani moto, ukimwagilia moja kwa moja unaunguza mizizi. Nayajaza ndoo usiku, alfajiri yamepoa. Bamia pekee ndiyo inanibakia. Nje tende zinaiva wakati huo huo, mtende haujali.

Mpenda Hoho
Asante mfamasia, nilikuwa sijui. Dada Tausi, mchicha bado unalima?

Tausi wa Uani
Nalima, nyumba nyingine. Wadudu nawatoa kwa mkono, usiku, na tochi. Kitambaa chekundu nitakiweka hata kwa maji ya sabuni.

Mama Wawili
Ndoo zangu nimezisogeza ukutani, nimezitundikia kanga mbili zikinge jua. Nani ana marando ya matembele? Nataka kitu kisichohitaji dawa.

Fundi Madumu
Ninayo. Kata yenye pingili nne au tano, yalaze kivulini siku mbili ndipo upande, pingili mbili ziingie udongoni. Yapande jioni.

Mkulima Mbweni
Kupanda jioni, hapo nakubali.