Mashine ya nyasi ya kukalia haichaji, nimeshanunua betri nyingine

Mtunza_Uwanja
Habari wakuu. Natunza mazingira ya shule moja ya sekondari huku Njombe. Tuna mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia kama katrekta, ilikuja ya msaada ikiwa mtumba tayari. Silinda moja, nguvu farasi 17.5. Mvua zimekolea, uwanja wa mpira umegeuka shamba la ngano, na mimi kila siku naishia nusu.

Asubuhi nikipiga selfu inawaka mara moja. Kama dakika 40 hivi, visu vinajiachia vyenyewe (klachi yake ni ya umeme), injini inaendelea kunguruma. Nikizima ndiyo basi, selfu inalia tak tak tak. Nachajisha betri usiku, kesho yake mchezo uleule. Nikailaumu betri, nikanunua nyingine ya bajaji, nimeibana na kipande cha ubao. Wapi.

Fundi umeme wa magari kasema alteneta imekufa, katamka 150,000. Nimeizunguka mashine nzima, hiyo alteneta sijaiona wala mkanda wake! Mita ninayo. Ikiwa imezimwa betri inasoma volti 12.5, ikiwaka na mafuta nimevuta hadi mwisho inasoma 12.2. Nianzie wapi?

Kamba_Mbili
Rahisi tu. Iwashe, chomoa teminali ya hasi. Ikizima, haichaji.

FundiWaBoda
Mkuu Kamba, hapana. Cheche za injini hizi hazitoki kwenye betri, magneti (lile gurudumu la sumaku linalozunguka na injini) na koili ya plagi wanamalizana wenyewe. Inaweza kuendelea kunguruma na chaji hakuna. Nyingine zina kisolenoidi chini ya kabureta kinachofunga petroli umeme ukikatika, hiyo itazima hata kama inachaji vizuri. Utapima nini hapo? Tena betri ikitoka ghafla unaweza kuiunguza regulata, kile kidude kinachogeuza na kudhibiti umeme wa chaji kabla haujafika kwenye betri.

Mtunza Uwanja, 12.2 ikiwa inaunguruma maana yake hakuna kinachoingia kwenye betri. Ingekuwa inachaji ungeona 13.5 hadi 14.5 hivi. Alteneta hujaiona kwa sababu haiko kama ya gari. Ni koili zilizojificha chini ya magneti, kama kwenye bodaboda. Angalia pembeni ya injini: kuna kidude cha aluminiamu chenye mapezi, hicho ndicho regulata. Kina nyaya ngapi?

Mtunza_Uwanja
Tatu. Mbili za njano, moja nyekundu.

FundiWaBoda
Safi. Chomoa soketi yake injini ikiwa imezimwa. Weka mita kwenye AC, siyo DC, shika njano na njano zinazotoka kwenye injini, kisha washa na uvute mafuta hadi mwisho. Ukipata 25 hadi 30, koili ni nzima, usikubali mtu afungue magneti. Ukipata sifuri au volti chache, fuata kwanza nyaya hizo hadi zinapoingia injini, panya wanazipenda sana. Zima, rudisha soketi, halafu pima ule mwekundu ufunguo ukiwa umewashwa: lazima uone volti za betri. Usipoziona, ni fyuzi au waya umekatika.

Ukiishia kununua koili, dukani usiseme "stata" (jina lake la kitaalamu, stator), utapewa mota ya selfu (starter). Sema koili ya chaji. Mimi nilishafungiwa mzigo hivyo kutoka Dar.

Mtunza_Uwanja
Njano kwa njano 29. Nyekundu 12.4. Kwa hiyo regulata?

FundiWaBoda
Usinunue bado. Hesabu nyaya: zinazoingia mbili, chanya moja. Hasi iko wapi? Hasi ni bodi yake yenyewe, inapita kwenye boliti zilizoishikilia. Chukua kipande cha waya, upande mmoja gusisha kwenye bodi ya regulata, mwingine kwenye hasi ya betri, injini ikiunguruma. Angalia mita.

Mtunza_Uwanja
Wakuu, 13.9! Nikiutoa waya inashuka 12.2, nikiurudisha 13.9. Nimerudia mara nne kama mtoto.

Sasa niungame. Mwezi wa tisa, kabla ya mahafali ya kidato cha nne, mkuu wa shule alitaka kila kitu king'ae. Nikafungua vidude vyote vya pembeni, nikapiga rangi ya kijani mikono miwili, nikafunga tena regulata juu ya rangi, kumbe rangi haipitishi umeme. Kiangazi sikukata nyasi, kwa hiyo sikujua.

Leo nimezikwangua sehemu zote mbili kwa msasa hadi chuma cheupe, nikaweka washa za meno na grisi kidogo juu. Bila waya wa kuazima ni 13.9, visu vikizunguka 13.6. Nimemaliza uwanja wote na upande wa bweni la wasichana.

Mkuu wa shule kapita jioni, kaniuliza nani kaikwaruza mashine.